Jogoo wa Dala Jipya

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia jina la heshima, mara mpole, mara mnyamavu. Na mtu niliyemwonea wivu kuliko wote ni marehemu. Kwa kuwa marehemu hana uso wa kutazamana naye, wivu wenyewe niliupeleka kwa jogoo wake.

Jogoo huyo anaitwa Chifu. Jina alipewa na Celestine, mke wa kwanza wa mume wangu, kwa sababu tangu akiwa kifaranga alikuwa na tabia ya kuzunguka boma kila asubuhi, anachungulia mlango mmoja mmoja, halafu anasimama katikati ya uwanja kutazama nani hajaamka. Celestine aliugua akafa. Aliacha watoto wawili, Walter na Terry, akaacha nyumba, na akaacha kuku. Mimi nilikuja baadaye kutoka Rusinga, nikaletwa hapa Suna katika boma la baba mkwe wangu, Mzee Jeremiah. Jina langu ni Scovia lakini mzee huniita Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, kama Waluo wanavyowaita wake zao kwa kwao walikotoka. Mume wangu, Levis, mimi namwita Baba Walter. Kila nikimwita mume wangu namtaja mtoto wa mwenzangu.

Nilijengewa nyumba yangu kando ya ile ya Celestine. Yake ilibaki imesimama, mlango umefungwa kwa komeo, ila jiko lake lililala wazi kwa ajili ya kuku. Kuku wale hawakuchinjwa. Wageni wakija, Levis alikwenda kununua kuku sokoni huku wetu wakipita katikati ya miguu ya wageni bila wasiwasi wowote. Walikuwa watu wa nyumbani. Kila mmoja alikuwa na jina lake: Sukari, Madam, Mama Kanisa. Terry alipokuja kutoka shuleni alikaa nao chini, akawapa habari za siku nzima, nani alichapwa, nani alisahau daftari, na Chifu akimsikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja. Kwangu mtoto yule alikuja akitumwa. Aliniita anti, kwa adabu, akachukua alichotumwa, akarudi kwa kuku wa mama yake.

Nilijaribu na mimi. Niliwatupia mahindi, niliwapa makapi ya omena, dagaa wa ziwani ninaowauza sokoni, niliwachimbulia mchwa. Walikula vyote. Kisha jioni walijipanga wakaenda kulala kwenye jiko la Celestine. Mtu akila kwako na kulala kwa mwingine, wewe utamwitaje?

Basi siku moja Levis alirudi kutoka Masara, ambako ana mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akaniambia amepata shamba ng'ambo ya kijito, na baada ya mavuno ya mwaka unaofuata atatoka kwa baba yake ajenge dala lake, boma la kwake mwenyewe. Niliinuka nikacheza peke yangu jikoni. Boma langu. Uwanja ambao Celestine hajaufagia hata siku moja.

Lakini mwanamume wa kwetu hatoki kwa baba yake kama mtu anayehama chumba cha kupanga. Baba yake humtangulia kumwonyesha mahali. Yeye hubeba jogoo. Mwanawe wa kwanza hubeba shoka. Mke hubeba moto. Watajenga kanyumba siku hiyohiyo, watalala humo, na alfajiri jogoo akiwika, pale kichakani pamekuwa nyumbani kwa watu. Asipowika, watu watazungumza mpaka wachoke, na hawachoki.

Nililifikiria jambo hilo usiku kucha. Shoka litabebwa na Walter, na Walter ni wa Celestine. Hapo sikuwa na la kusema, maana mimi sijazaa. Lakini jogoo naye awe Chifu? Shoka lake, jogoo wake, na mimi nifuate nyuma na makaa kama mpishi wa harusi? Hapana. Nikaamua nitalea jogoo wangu mimi, tangu yai, na huyo ndiye atakayewika kwenye dala langu.

Nilikwenda Rusinga kumwona mama yangu. Sikumwambia sababu, nilimwambia tu nataka mbegu ya kuku wa nyumbani. Alinipa mayai, akayafukia ndani ya kopo la unga wa mahindi yasigongane, na nilirudi Suna nimelikumbatia kopo lile, kila mtu akidhani nina mtoto mchanga.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sina kuku wa kuyaatamia. Kuku wote pale bomani walikuwa wa Celestine. Sukari alikuwa amelalia mayai yake kwenye kona ya jiko, na ilinibidi niende kumwomba ruhusa mtoto wa miaka minane.

"Terry, nataka Sukari anilalie mayai yangu."

"Na yake je, anti?"

"Yake tutakula."

Alifikiri. Ana uso wa mama yake anapofikiri, nimeuona kwenye picha. "Sawa. Lakini vifaranga ni mimi nitawapa jina."

Niliyachora mayai yangu kwa mkaa, kila moja alama yake, nikayaweka chini ya Sukari. Mengine yalikuwa yametikisika njiani yakaharibika. Walianguliwa vifaranga watatu. Na kuku yule mjinga alipoanza kuwaita na kuwafunika kwa mabawa, nilihisi moto kifuani. Mayai ya mama yangu, kutoka kwetu, yameanguliwa yakakuta mama ni kuku wa Celestine. Kesho yake tu niliwatoa wote watatu, nikawapeleka nyumbani kwangu.

Sukari alizunguka uwanja akilia. Aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena.

"Anti, anawatafuta," Terry akasema.

"Atazoea."

Ukiondoa vifaranga kwa mama yao, wewe ndiye mama. Niliwaweka kwenye katoni, nikawawekea chupa ya maji moto iliyovishwa sweta ya Levis. Niliwasagia wimbi, nikawafundisha kunywa kwa kuwachovya midomo. Mmoja alikufa kwa baridi chupa ilipopoa. Wa pili alichukuliwa na mwewe siku nilipowatoa juani, mbele ya macho yangu, na nikabaki nikitukana mawingu. Ndipo Terry alipokuja na rangi ya kutilia mikeka, akampaka yule mmoja aliyebaki kuanzia kichwani hadi mkiani, zambarau tupu. Watu wengi huku hufanya hivyo. Mwewe akitazama chini haoni chakula, anaona kitu asichokijua.

"Jina lake Zambarau," Terry akasema, na sikubishana, tulikuwa tumeshapatana.

Zambarau alinijua mimi tu. Nilipochambua omena alilala kwenye leso kifuani pangu. Nilipokwenda msalani alinifuata, akangoja nje akilalamika. Rangi ilipotoka na manyoya mapya yakaota mekundu, alikuwa bado anapanda begani kwangu kama ngazi yake. Levis alilalamika.

"Sasa hii kuku ni ya kulala ndani mpaka lini?"

"Si kuku. Ni jogoo."

"Jogoo, kuku, inanyea kwa viatu zangu."

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa Terry. Alianza kuja kwangu bila kutumwa. Alikaa kwenye mkeka wangu, akamlisha Zambarau kwenye kiganja, na habari za shuleni alizokuwa akiwapa kuku wa mama yake akaanza kuzitoa mbele yangu. Niliketi kimya nisimshtue. Lakini moyo wangu haujui kushiba. Zambarau akilala kwenye mapaja ya Terry, nilimwonea Terry wivu kwa ajili ya jogoo. Terry akimbusu Zambarau kichwani, nilimwonea jogoo wivu kwa ajili ya Terry. Na Zambarau akisogea kule waliko Sukari na wenzake, akitaka kuchakura nao, nilimwita. Alirudi. Kila mara nilimwita na kila mara alirudi, na mimi nikajisifu kwamba nimelea.

Akakua. Ningependa umwone. Shingo ya dhahabu, mkia mweusi unaong'aa kijani, kilemba chekundu kimesimama wima. Wapita njia walisimama kwenye ua kumtazama. Shida ilikuwa moja tu, hakuwika.

Mwanzoni nilisema ni mdogo. Halafu jogoo wa majirani wa umri wake wakaanza kuwika, na wadogo zake wakaanza, na yeye kimya. Chifu akipita tu, Zambarau aliingia chini ya benchi langu na kujibanza kwenye miguu yangu. Chifu hakumgusa hata. Alipita, akatazama chini ya benchi, akaendelea na kazi yake.

"Nyar Rusinga," Mzee Jeremiah aliniita siku moja akiwa amekaa mlangoni kwake, "jogoo yako iko na ulimi kweli?"

"Anao, Baba."

"Nilikuwa nauliza tu. Kuna bubu anaimba kanisani hapa, lakini huyo tunamwona mdomo."

Nilicheka kwa adabu na kwenda kukasirikia ndani. Jioni nilitafuta kwenye simu video za jogoo wanaowika, nikamwekea Zambarau, sauti juu. Alitazama simu, akaja kulala juu yake. Nikarudia kesho yake. Safari hii sauti ilifika uwanjani, na Chifu akaingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza, hana hodi, akairukia simu kwa kucha na kupasua kioo. Levis alicheka mpaka akashika ukuta. Terry naye alicheka. Nilimtimua Chifu kwa fagio, na nilitamani fagio hilo lingekuwa zito zaidi.

Mavuno yalipokwisha, Mzee Jeremiah alituita nyumbani kwake kupanga siku. Nilimbeba Zambarau nikaenda naye ili wamwone akiwa amechanwa manyoya. Terry alikuwa hapo akipukuchua mahindi.

"Walter atakuja na ruhusa kutoka shule, abebe shoka," mzee akasema. "Nyar Rusinga, wewe moto. Levis, jogoo ni Chifu."

"Baba," nikasema, "jogoo ni huyu."

Mzee alimtazama Zambarau kwa muda. "Ni nzuri. Lakini hailii. Utapeleka ikafanye nini huko, ikapike?"

"Akifika kwake atalia."

"Na ikikosa?"

"Ikikosa tutachekwa mpaka Masara," Levis akadakia. "Scovia, hii si mchezo. Chifu tunaijua. Haijawahi kukosa hata siku moja."

"Basi sema tu unataka Celestine ndiye aingie kwa hiyo boma. Mimi nibebe moto nikampikie."

Mzee aliangalia chini. Levis alivuta pumzi. "Scovia. Huyo mtu alishakufa."

"Jogoo yake haijakufa."

Nilijua nimevuka mpaka, na kwa sababu nilijua, nikavuka zaidi. Nikamgeukia mtoto, jambo ambalo mtu mzima hafanyi. "Terry, ungekuwa wewe, ungebeba gani?"

Aliacha kupukuchua. Alimtazama Zambarau mikononi mwangu, na nilimwona anavyompenda, na nikaamini nimeshinda.

"Chifu," akasema.

"Kwa nini?"

"Alikuwa anamwamsha Mama."

Nilichukua jogoo wangu nikarudi nyumbani, nikalia huku nimefunika uso na leso, na Zambarau akinidonoadonoa hereni.

Siku yenyewe ilifika na mimi nimenuna. Mzee Jeremiah alitangulia na fimbo yake. Levis alifuata, Chifu kwapani, ametulia kabisa, anatazama huku na huku kama anayekagua barabara. Walter, ambaye amekuwa mrefu kuliko baba yake, alibeba shoka. Nikafuata na makaa kwenye gae la chungu, moshi ukiniingia machoni, na sikuulaumu moshi kwa machozi yote. Terry alikuja nyuma yangu na taa ya sola. Zambarau nilikuwa nimemfungia katika nyumba yangu ya zamani. Mzee alisema jogoo wawili hawaingii siku ya kwanza, nitamrudia nikishatulia.

Vijana wa ukoo walisimamisha nguzo, wakapiga mabati, wakapaka udongo upande mmoja. Kufikia jioni tulikuwa na kanyumba. Mzee aliomba, akatutakia usingizi mwema, akavuka kijito kurudi kwake. Tukalala wanne kwenye mikeka, na Chifu kwenye tenga karibu na mlango.

Niliamka kabla ya wote. Kulikuwa bado na giza lililoanza kupauka kwenye mwanya wa mlango, ile saa ambayo kule kwa mzee, Chifu huwa amekwisha kuwika na kurudia. Tengani kimya. Nikasikia Levis naye ameamka, hapumui vizuri. Akanyoosha mkono akalitikisa tenga kidogo. Kimya. Mahali pageni, harufu ngeni, hakuna mlango wa kuchungulia. Chifu wa watu alikuwa amejikunyata kama mkimbizi.

"Wika basi," Levis akanong'ona. "Chifu. Wika."

Nilipaswa kuhurumia. Lile lilikuwa boma langu pia, na kucheka kwa watu kungenipata na mimi. Lakini ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilijilalia gizani nikafurahi mpaka vidole vya miguu. Nikasema moyoni, haya Celestine, tuone.

Ndipo sauti ikatoka mbali, ng'ambo ya kijito, kwenye boma tulilotoka. Ilikuwa sauti ya kukwaruza. Ilianza, ikakatika katikati, ikanyamaza, ikaanza upya, na mara hii ikafika mwisho.

Sikuwa nimewahi kuisikia, na niliijua.

Terry aliketi. "Anti. Ni Zambarau."

Na kabla sijamjibu, tenga lilitikisika. Chifu alikuwa amesikia kijana akimkalia kiti chake. Alijinyoosha kadiri tenga lilivyomruhusu, akawika mara moja mabati yakaitikia, akawika tena, na tena, akimjibu yule wa ng'ambo, na yule wa ng'ambo akimjibu yeye. Levis alirusha blanketi, akampigapiga Walter mgongoni, akafungua mlango akasimama nje mikono kiunoni akitazama shamba lake. Alikuwa amepata dala. Nani aliwika kwanza, na wapi, yeye hakuwa na habari.

Mimi nilikuwa nayo. Nilikaa kwenye mkeka nikiwa nimekasirika hivi kwamba nilishindwa kufunga leso. Miezi yote ile nilimwomba, nikamlisha kwenye kiganja, nikamwekea video, nikatukanwa kwa ajili yake. Hakunipa hata nusu sauti. Nimemwacha usiku mmoja, ananililia boma la mtu mwingine.

Jua lilipotoka Mzee Jeremiah alivuka kijito kuja kutujulia hali. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama sijawahi kuuona. Alimsalimia Levis, akasalimia watoto, akapewa kigoda.

"Dala imelia," akasema.

"Imelia, Baba," Levis akajibu. "Chifu haijatuangusha."

Nilikuwa nimempelekea mzee chai. Nilibaki nimesimama na kikombe mkononi. "Baba, nani alilia kwanza? Sema ukweli."

"Scovia," Levis akasema, "hiyo si muhimu saa hii."

"Kwake ni muhimu," mzee akasema, na akapokea chai. "Yako ndiyo ililia kwanza. Niliamka nikafikiri ni mwizi anasongwa shingo. Ya hapa ilijibu tu."

Levis alinitazama, kisha akamtazama Chifu aliyekuwa ameshatoka kuchungulia kichaka kimoja kimoja. Walter akacheka kidogo. Na mimi, niseme nini, nilisimama pale uwanjani kwangu nikajiona mrefu. Ukweli umesemwa, na umesemwa na mzee, mbele ya wote.

Mzee alikunywa mara moja akaweka kikombe chini. "Sasa, Nyar Rusinga, nimekuja kukuomba hiyo jogoo."

"Kuniomba vipi?"

"Ibaki kwangu. Chifu mmeleta huku. Boma bila jogoo ni ya mtu amekufa, na mimi bado niko. Jana nililala nikasikia vile kumenyamaza, nikaogopa. Halafu hiyo bubu yako ikaniamsha."

"Hapana, Baba," nikasema.

Levis alifumba macho. Mke wa mtu hamwambii baba mkwe wake hapana, na zaidi kwa jogoo ambaye amekwisha kuwika katika boma la mzee. Nilijua. Lakini nilikuwa nimeachiwa nini kingine? Shoka la Celestine, jogoo wa Celestine, watoto wa Celestine. Yule mmoja alikuwa wangu, kutoka kwetu, kwenye unga wa mama yangu.

"Hapana," nikarudia. "Nimemlea kwa kifua changu. Leo nakwenda kumchukua. Huku atalia."

"Hatalia, anti," Terry akasema.

Alikuwa amechuchumaa kando ya gae la moto, akichokora majivu kwa kijiti. Hakuniangalia. "Huku atanyamaza tena. Ni wewe unamshika kila saa. Akienda kwa wengine unamwita. Hata Sukari ulimnyang'anya. Jana hukuwa huko, ndiyo akalia."

"Terry, nyamaza," Levis akasema.

"Mwache," nikasema.

Sikusema kwa wema. Nilisema kwa sababu nilitaka kusikia kama kuna zaidi, na hakukuwa na zaidi. Aliendelea kuchokora majivu. Nilimtazama mtoto yule ambaye kwa mwaka mzima nimekuwa nikihesabu ni mara ngapi anakaa kwenye mkeka wangu na mara ngapi kwa kuku wa mama yake, na ambaye kumbe naye alikuwa akinitazama. Nilitaka kumwambia kwamba mtu asiyeshika huachwa mikono mitupu, kwamba mimi niliingia boma ambalo kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Lakini hayo si maneno ya kumwambia mtoto aliyefiwa na mama.

"Mchukue, Baba," nikasema. "Anakula kwenye kiganja. Chini hali."

"Nitampa kwa kiganja," mzee akasema. "Ero kamano, nyathina." Asante, mwanangu. Hakuwahi kuniita mwanawe kabla ya siku hiyo, na hata hilo halikunipoza. Papo hapo nilianza kukionea wivu kiganja cha mzee.

Alipovuka kijito kurudi kwake, Levis na Walter wakaenda kukata nguzo za ua. Nikabaki na Terry na uwanja ambao haujafagiliwa na mtu. Chifu alimaliza ukaguzi wake, akaja akasimama mbele yetu, kichwa upande mmoja, akingoja. Alikuwa na njaa. Ng'ambo, Zambarau aliwika tena, safari hii bila kukatika, na Chifu akamjibu kutoka mlangoni kwangu.

Nilifungua mfuko wa mahindi, nikampa Terry konzi moja.

"Mpe."

Aliyapokea lakini hakuyatupa. "Anti, bado unamwonea Chifu wivu?"

"Bado."

"Na Mama?"

"Na Mama pia."

Alifikiri, kwa uso ule ule. "Sawa," akasema, na akamwagia nusu ya mahindi mkononi mwangu, tukamlisha.